Udongo Alioupandisha Mama

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kama kumbukumbu ingekuwa mzigo wa kichwani ningekwisha kuutua zamani. Ni siku niliyosimama barazani mbele ya Bwana Shauri wa Kidachi, yule Mjerumani mwamuzi wa kesi, kofia nyekundu kichwani na kanzu safi mwilini, nikitafsiri maneno ya wenzangu kutoka Kigogo kwenda Kiswahili. Nitafika huko. Usiniharakishe, wewe tayari una haraka ya kuwatosha watu wawili.

Umekuja asubuhi hii kunipa habari njema. Kazi ya ghalani unayo, ya kupima karanga mnadani umeongezewa, na sasa wanataka usimamie na lori lao siku ya Jumapili. Ukacheka, ukasema, "Mzee, pale bila mimi hapaendi." Ingawa sikukuzaa, mwanangu, neno hilo limenichoma, kwa sababu nililisema mimi kabla baba yako hajazaliwa, na nililisema kwa kicheko hicho hicho. Siku hizi vijana mnasifiana uchovu kama sisi tulivyosifiana ng'ombe. Basi kaa. Chai ipo, na mnada hautahama.

Mimi ni mtu wa Mkonze. Baba yangu alikuwa akiwauzia nafaka na maji watu wa misafara waliopita nchi yetu ya Ugogo, nami nikiwa mtoto nikajifunza Kiswahili kwa wapagazi wao, pamoja na matusi yake yote. Baba alipokufa aliniachia mama, ng'ombe wachache na nyumba ya tembe. Nyinyi wa mabati huenda tembe mnaiona tu kwa mbali. Ni nyumba ya kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa: juu ya nguzo hulazwa boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito majani, na juu ya yote udongo mzito ulioshindiliwa. Ina ubaridi wakati wa jua na joto wakati wa upepo, lakini ina sharti lake. Kila mwaka kabla ya mvua lazima mtu apande juu, afunue, achungulie boriti zilizoliwa na mchwa, azitoe, atie mpya, ndipo arudishe udongo. Asiyefanya hivyo analala chini ya mzigo asioujua.

Na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mama mwenye nyumba hupika pombe ya mtama, majirani huitwa, na mwenye nyumba mwenyewe hupanda wa kwanza, na kikapu chake cha kwanza cha udongo. Asipopanda yeye, hapandi mtu. Si uchawi wala mwiko wa kutisha. Ni adabu tu: watu hawawezi kulitoboa paa la mtu aliye hai ambaye hakuja kuwaonyesha anataka litobolewe wapi.

Reli ilipofika Dodoma, Wadachi wakatafuta watu wanaojua lugha mbili. Nikachukuliwa niwe mkalimani wa baraza. Ilikuwa kazi nzuri, mwanangu, sitasema uongo. Baraza lilikaa siku tatu kwa juma, na kutoka bomani hadi Mkonze ni mwendo wa saa mbili tu. Ningeweza kutafsiri siku tatu na kulala kwangu siku nne, nikala ugali wangu wa uwele na mlenda kama mtu mwenye akili. Nilikuwa na mke, Mbeleje, aliyekuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Nilikuwa na mama ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kunisifu kwa majirani. Binadamu anataka nini zaidi?

Nilitaka zaidi. Wakaniuliza kama naweza kuwa mnyapara wa watu wanaochimba tuta la reli siku zile ambazo hakuna baraza. Nikasema naweza. Miezi miwili baadaye wapima ardhi wakataka mtu anayejua visima vyote vya nchi hii kavu, awaonyeshe na kuyalinda maji ya kambi. Nani anavijua visima kama mtoto wa mwuza maji? Nikasema na hilo naweza. Kila aliponiita Mdachi nilijibu kabla hajamaliza sentensi. Nilipenda kuitwa. Nilipenda watu waone kwamba naitwa huku na natafutwa kule. Mshika mbili moja humponyoka, nami nilishika tatu, nikajiona fundi.

Nyumbani nikawa napita kama mgeni. Mama akiniuliza nitakuja lini kulala, namwambia kazi hii ikipungua. Mbeleje alijifungua mtoto wa kike, nami nikamwona akiwa na siku kumi na mbili. Nilimbeba, nikamrudisha, nikaondoka kabla jasho halijakauka mgongoni. Mbeleje hakulalamika. Aliniuliza tu, "Unarudi lini?" Nikamjibu kwa ukali kwamba mtu mwenye kazi hapangiwi siku na mwanamke. Nakwambia na haya ili usidhani nilikuwa mtu mwema aliyepatwa na bahati mbaya. Sikuwa mwema. Nilikuwa na shughuli.

Kiangazi cha mwaka ule kilipokaribia kwisha, mama akapika pombe ya paa. Majirani wakaja, wakakaa, wakanisubiri tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na wapima ardhi. Jua lilipokuwa utosini alikuja kambini Mzee Makasi, rafiki wa marehemu baba, aliyekuwa amesimamisha nguzo za nyumba ile pamoja naye. Alinikuta nikiwafokea watu wa mapipa.

"Mbukwa, mwanangu," alisema. Ndiyo salamu yetu. "Watu wamekaa. Pombe imeiva. Tunakungoja wewe."

"Pandeni tu, mzee," nilimwambia. "Mimi nimewaruhusu."

Akaegemea fimbo yake. "Nimegonga boriti za chumba cha mama yako kwa fimbo. Zinalia kama kibuyu kitupu. Mchwa wamemaliza. Njoo nusu siku tu, upande, uteremke, urudi kwa wazungu wako. Sisi tutamalizia."

"Leo haiwezekani. Nitakuja wiki ijayo."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu."

"Nitajenga ukuta basi," nilijibu, na watu wa mapipa wakacheka. Nilifurahi kwamba walicheka. Mzee Makasi akageuka akaenda zake, na ile pombe wakainywa kimya, wakaenda makwao.

Mama akapika mara ya pili. Safari hii nilituma shuka mpya ya merikani, nikasema wapewe majirani ili wapande bila mimi. Mzee Makasi akairudisha kwa mtu yule yule niliyemtuma. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: mwambie nguo haibebi udongo. Nilikasirika sana. Nikasema watu wa Mkonze wana wivu, wananionea gere kwa sababu nimepata. Sikio la kufa halisikii dawa. Sikupeleka neno tena, na mama hakupika tena.

Sasa ndiyo nafika kwenye siku yenyewe.

Usiku wake mvua ya kwanza ilinyesha, kubwa, ya kupiga ardhi kama fimbo. Niliamka kambini nikasikia maji yakijaa kwenye mapipa, nikafurahi. Nilisema moyoni, leo kazi moja imepungua. Mwanangu, nataka uniamini ninapokuambia kwamba paa la nyumba yetu halikunipitia akilini hata mara moja. Nimejihoji miaka yote hii, na jibu ni hilo hilo. Nilifikiria mapipa.

Asubuhi nikaenda barazani. Wenye mashauri walikuwa wamekaa chini kwa mstari, wakingoja. Nikamwona Mzee Makasi akija, miguu imejaa tope mpaka magotini. Nikajua amekuja kunigombeza juu ya paa mbele ya watu, na mbele ya Bwana Shauri.

"Mbukwa, mwanangu. Nina neno na wewe."

"Mzee, kila mtu hapa ana neno. Kaa kwenye mstari."

"Ni neno la pembeni."

"Hapa hakuna pembeni. Zamu yako ikifika utasema mbele ya Bwana Shauri, nami nitatafsiri."

Kwetu habari ya namna ile haipigiwi kelele katikati ya watu. Huletwa karibu, kwa sauti ya chini, mtu ameshikwa mkono. Nami nilikuwa nimeukataa mkono wake. Kwa hiyo yule mzee akaenda akakaa mwisho wa mstari kama nilivyomwelekeza, akaweka fimbo yake magotini. Alikaa tangu asubuhi hadi jua likapita utosini. Kulikuwa na shauri la mbuzi, shauri la mpaka wa shamba, shauri la mtu aliyemtukana mkwe wake. Katika lile la mkwe niliongeza utani wangu wakati wa kutafsiri, na baraza zima likacheka, hata Bwana Shauri. Mzee Makasi peke yake hakucheka. Nikasema moyoni, huyu mzee ana kinyongo kirefu.

Zamu yake ikafika. Bwana Shauri akaniuliza, "Huyu mzee ana shauri gani?" Nikaligeuza swali kwa Kigogo. Mzee Makasi akasimama pole pole. Hakumtazama Mdachi, alinitazama mimi.

"Mwambie bwana wako kwamba sina shauri na mtu. Nimekuja kumwomba mkalimani wake aende akamzike mama yake. Tumemtoa chini ya udongo alfajiri, na kufikia sasa kaburi limekwisha kuchimbwa."

Ulimi wangu ulikuwa umezoea kupitisha maneno ya watu bila mimi kuyagusa. Ukaanza kazi yake wenyewe. "Anasema hana shauri na mtu. Anasema amekuja kumwomba mkalimani wako aende aka..." Hapo ukakwama.

Bwana Shauri akadhani sikusikia vizuri. "Aka nini?"

"Akamzike mama yake," nilisema.

Akaweka kalamu chini. "Mama yako wewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Nenda."

Sikumwona kuwa mtu mbaya siku ile, mwanangu. Aliniruhusu kwa neno moja, na kama ningeomba ruhusa wakati wa pombe ya kwanza angenipa kwa neno hilo hilo. Lakini kabla sijamaliza kuteremka ngazi nilimsikia akiuliza kama yupo mtu mwingine anayejua Kigogo na Kiswahili. Askari mmoja Mrangi, mtu wa Kondoa aliyeoa kwetu, akasema yeye anajua. Akasimama pale nilipokuwa nimesimama, shauri lililofuata likaanza. Alitafsiri vizuri tu.

Tukatembea kwenda Mkonze, mzee mbele, mimi nyuma. Tulipovuka korongo la kwanza nikamwuliza ilikuwaje. Alinijibu bila kugeuka.

"Mama yako aliupandisha udongo mwenyewe."

Sikuelewa. Nikauliza tena.

"Siku mbili tulikuwa mbugani na ng'ombe, na mkeo alikuwa kwao na mtoto. Tuliporudi tukamkuta juu ya paa, kikapu kichwani, mwanamke wa umri ule. Upande wa chumba chake alikuwa ameumaliza, ameujaza udongo mbichi. Nikamwambia ashuke, boriti mbovu. Akasema zimebadilishwa. Akasema mwanawe alikuja usiku, akafunua, akatia boriti mpya, akawahi kurudi kazini kabla ya mapambazuko, na kumalizia udongo amemwachia yeye. Akasema, mwanangu ana kazi nyingi lakini hakunisahau. Nikamwamini." Akatembea hatua kadhaa. "Nilitaka kumwamini. Nilikupenda kwa ajili ya baba yako."

Umesikia hilo? Mwanamke mzee alibeba udongo kichwani, akapanda ngazi, kikapu baada ya kikapu, juu ya boriti alizojua zimeliwa, ili majirani wasiseme mwanawe amemtupa. Alinisitiri kwa uongo, na uongo ule ukawazuia wale ambao wangemwokoa. Mvua ikanyesha, udongo ukanywa maji, ukawa mzito mara mbili. Kabla hakujapambazuka Mbeleje alikuwa ameamkia shambani, mtoto mgongoni, kupanda mtama kama watu wote wapandavyo mvua ya kwanza ikishuka. Hiyo ndiyo iliyowaponya wawili hao. Mama alikuwa amebaki kupuliza moto ili mkwewe akirudi akute uji.

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi miguu yangu mizima mpaka leo, unaiona. Walioumia ni wengine, na ndiyo maana methali hiyo huwa sipendi kuisikia.

Tulimzika jioni ile ile. Kwetu mwana wa kiume ndiye anayetia udongo wa kwanza. Nikainama, nikauchota kwa mikono miwili, bado umelowa. Huo ndio udongo wa kwanza nilioushika mwaka ule. Majirani wote walikuwepo. Hakuna aliyenilaumu kwa neno hata moja, na laiti wangenilaumu.

Matanga yalipokwisha nilirudi Dodoma kuomba nipunguziwe kazi. Njia nzima nilikuwa nikiandaa maneno, kwa sababu niliamini watanisihi, watagoma, pengine watanifunga. Nikafika kwenye tuta, nikakuta mnyapara mwingine anapiga filimbi. Nikaenda kambini, mapipa yamejaa na mtu mwingine ameshika funguo. Barazani yule Mrangi alikuwa akiendelea. Karani akaniuliza, "Wewe ulikuwa na kazi gani?" Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa mgeni kidogo tu. Nikamwambia mkalimani. Akaniambia Bwana Shauri akipenda nitakuwa nikipokezana na Mrangi. Nikakubali. Kwa hiyo nikabaki na kazi moja, tena nusu, na siku za kukaa nyumbani tele, na nyumba haikuwepo.

Nilijenga nyingine. Nilipanda juu ya paa lake kila mwaka, wa kwanza, kabla sijaitwa, mpaka watoto wangu wakanicheka kwamba baba anapenda paa kuliko kitanda. Mbeleje tulikaa pamoja miaka mingi, akanizalia watoto wengine wanne, akanipikia, akaniuguza nilipougua. Lakini tangu siku ile hakuniuliza tena, "Unarudi lini?" Nikitoka asubuhi hakuniuliza. Niliposafiri hadi Kilimatinde, mwezi mzima, hakuniuliza. Nilikuwa nasimama mlangoni najifanya natafuta fimbo, nikingoja aulize. Alikwenda kaburini bila kuniuliza.

Haya, mwanangu, umenivumilia, sasa uchukue lililo lako. Sikukatazi kufanya kazi. Mtu asiye na kazi ni mzigo kwa watu, na njaa ya nchi hii haina mzaha. Ninachokukataza ni kudhani kwamba kila unapoitwa ni lazima uitike. Njia mbili zilimshinda fisi, mwenye miguu minne. Wewe mwenye miwili unataka kwenda tatu. Shika moja. Ishike kwa ukamilifu, uifanye vizuri, uimalize, na jua likigeuka urudi kwako. Nenda kesho ukawaambie wa lori kwamba hapana, ukawaambie na wa mnadani kwamba karanga zao wampe mwingine. Siku ya kwanza watakuja kukusihi. Siku ya pili watapata mtu. Utaumia moyo kuona wamempata upesi hivyo, na maumivu hayo uyapokee, ni dawa. Ghalani, mnadani na kwenye lori hakuna mahali pako pasipoweza kusimama mtu mwingine. Mahali pa namna hiyo ni nyumbani tu, na huko usiposimama wewe, atakayejaribu kusimama badala yako ni yule anayekupenda kuliko wote, kwa nguvu asizokuwa nazo.

Wala usiniambie "kazi hii ikipungua". Kazi haipungui yenyewe. Hupunguzwa na mwenye nayo, mapema, angali ana pa kurudi. Majuto ni mjukuu, na mimi huyo mjukuu nimemlea hadi amezeeka nami.

Mungu akupe kazi moja inayokutosha na moyo unaotosheka nayo. Akupe mke anayekuuliza unarudi lini, na akupe adabu ya kumjibu. Wanao wakujue kwa harufu na kwa sauti, wasikujue kwa vitu unavyowatumia. Wazee wako waishi bila kuhitaji kukutetea kwa mtu yeyote. Amina.

Sasa nenda. Chai yako imepoa, iache. Mama yako alipita hapa jana, akaniambia wewe huenda kwake kila wiki kumwona. Nilimwitikia, kama Mzee Makasi alivyomwamini mama. Pitia kwake kwanza.